Mpanga Madaraja

Kipande chako kilifika Jumanne,
kidogo kuliko punje ya mtama,
kikielea kichupani; ubavuni karatasi:
Singano Mhina, miaka sitini na minane,
Ngamiani, Barabara ya Kumi na Tatu. Tumbo.

Nilikizamisha kwenye nta, nikakikata
vipande vyembamba hata feni nikaizima
visije vikaruka. Vikatandazika juu ya maji ya vuguvugu
kama utando wa maziwa yaliyosahauliwa jikoni.
Bombo nzima ilitokwa jasho siku ile, nami nikazuia pumzi.

Kisha rangi.
Seli yenye kahawia imevaa kitambulisho cha kughushi.
Askari wa mwili wako anapita doria, anauliza, "Nani?"
Nayo inajibu, "Mwenyeji,"
askari anaomba radhi, anashika njia yake.
Dawa hii mpya haipigani na mtu.
Inakwenda kunyang'anya kitambulisho, basi.
Kupigana ni juu ya askari wako,
kama wapo, kama hawajasinzia getini.

Kwa hiyo penye kahawia nyingi ndipo penye tumaini,
jambo ambalo mwaka wa tisa sasa bado linanishangaza:
tunaomba mwizi awe amevaa sare,
maana asiye na sare tutamvua nini?

Nikahesabu.
Kidude cha kuhesabia kikilia ta, ta, chini ya dole gumba.
Mara ya kwanza, nne.
Baada ya chai, sita.
Mwongozo uliobandikwa ukutani unasema: kuanzia tano.

Alhamisi ukaja mwenyewe, ukaegesha baiskeli ya jirani,
umekonda mpaka mkanda umetobolewa tundu jipya kwa msumari.
Hukuuliza habari za dawa. Ulisimulia Pongwe,
miaka thelathini na mmoja kwenye ghala la katani:
unashika fungu, unalinyoosha penye mwanga,
unaita, "La kwanza! La tatu! Takataka!"
karani anaandika.
"Lakini robota, binti yangu, lina ubavu na lina kiini.
Ubavu nimeushika mimi. Kiini alikiona aliyelifungua huko ng'ambo,
na hakuniandikia barua."
Ukanyamaza kidogo.
"Na mimi umeniita la ngapi?"

Nikasema majibu hutolewa na daktari.
Ukacheka kwa pua. "Karani, huyo."

Nyuma ya risiti ya maabara, kwa kalamu niliyokuazima,
ukaandika, ukaniachia mezani:

    Katani nimeipanga, kwa macho na kwa vidole,
    Ya juu nikaitenga, mbovu nikaweka kule,
    Leo wewe wanichunga, niwe hapa ama pale,
    Mpimaji wa wenziwe, naye hupimwa mwishowe.

Mizani imetimia. Hiyo nayo niliihesabu,
kwa vidole, ulipokwisha kuondoka.

Nikajaza ripoti: kati ya nne na sita;
naomba kipande kingine, kutoka upande wa pili wa kidonda.
Daktari Kilua akapiga simu.
"Andika namba moja. Bima haiijui 'kati ya'."

Jua limehama dirishani. Feni bado imezimwa.
Nimekirudisha kioo chako chini ya hadubini,
nimeanza tena, kona ya juu kushoto.
Buluu.
Buluu.
Kahawia,
au ni kivuli cha ukope wangu.